Je, Ni Haki Kuukata Mmea Usio na Kosa?

Mwezi huu nataka kunena nanyi habari ya mmea mmoja ambao wengi wenu hamjauona kwa macho, maana ni mmea wa nchi za baridi. Wajerumani huuita Efeu, na katika Kiswahili twaweza kuuita aivi, kwa kufuata matamshi ya Waingereza. Ni mmea utambaao juu ya kuta, juu ya miti na juu ya makaburi, nao hukaa mbichi mwaka mzima, hata wakati wa theluji, miti mingine ikiwa imesimama uchi. Watu wa Ulaya wameupenda tangu zamani. Walakini kila mwaka watu wengi katika nchi nyingi hushika mundu na msumeno, wakaukata na kuung'oa katika bustani zao. Nami nauliza: mtu ana haki gani ya kukiua kitu kizima, kibichi, kizuri, ambacho hakikutenda neno lo lote ila kukua? Na kama haki anayo, ameipata wapi, na mpaka wake uko wapi?

Labda mtu atasema, Swali hili ni la watu wasio na kazi. Mkulima hajiulizi hivyo anapopalilia mahindi. Ni kweli. Lakini mkulima anayo mahindi yake, na nyuma ya mahindi wako watoto wenye njaa, nao humjibia kabla hajaulizwa. Tena magugu ya shambani hakuna aliyeyapanda wala aliyeyapenda. Habari ya aivi si hivyo. Mara nyingi ilipandwa kwa mkono wa mtu, ikamwagiliwa maji, ikasifiwa na wapita njia. Wala aing'oaye hatapata chakula mahali pake. Kwa hiyo swali la bustani lina uzito kuliko lile la shamba, maana hapa hatuwezi kujificha nyuma ya njaa.

Kwanza tuujue mmea wenyewe. Kwao ni Ulaya na sehemu za magharibi ya Asia. Huanza chini penye kivuli, ukitambaa juu ya udongo mpaka upate kitu cha kupandia. Wakati huo majani yake yana ncha tatu au tano, kama kiganja kilichokunjuliwa, na mashina yake hutoa vijizizi vingi vifupi kama nywele, ambavyo hushika gome la mti au jiwe la ukuta kwa nguvu ya ajabu. Charles Darwin, yule mtaalamu wa Uingereza, alivichunguza vijizizi hivi katika karne ya 19, akaona kwamba hutoa maji yanatayo kama gundi.

Hapo watu wengi hukosea. Wakiona mti umefunikwa, hudhani kwamba aivi inaunyonya mti damu yake, kama mlangamia wetu unavyofanya, ule usio na majani ya kujitafutia chakula, uishio kwa jasho la mwingine. Sivyo. Aivi ina mizizi yake ardhini, hunywa maji yake yenyewe, na majani yake hujipikia chakula kwa nuru ya jua kama mmea mwingine wo wote. Vile vijizizi vya juu ni mikono ya kushikia tu, si midomo ya kunyonyea. Basi yeye asemaye kwamba aivi ni mwizi ameishitaki kwa kosa ambalo haikulitenda, na mashitaka ya uongo hayafai hata juu ya majani.

Tena, ikiisha kufika juu penye mwanga mwingi, hubadilika tabia. Majani yake hupoteza zile ncha, yakawa ya mviringo ulioelekea urefu. Matawi yake hayatambai tena wala hayatoi vijizizi, bali husimama yenyewe. Ndipo hutoa maua. Maua yake hayana uzuri wa kutazama, lakini huja mwezi wa Septemba hata Novemba, maua mengine yakiwa yamekwisha, na nyuki na nyigu na vipepeo huyajia kwa makundi. Yuko nyuki wa namna moja ambaye wataalamu walimtambua na kumpa jina lake mwaka 1993, naye huwalisha watoto wake hasa chavua ya maua ya aivi. Mwaka 2001 alionekana mara ya kwanza huko Uingereza. Baada ya maua huja matunda meusi, nayo hukaa wakati wa baridi kali mpaka karibu na masika, na ndege huyala wakati ambapo chakula kingine ni haba. Mwenye kukata aivi iliyokomaa hakati majani matupu. Anavunja meza ya wengine.

Basi ubaya wake ni nini? Nadhani mwenye haki hana budi kujibu kwamba mara nyingine hauna ubaya wo wote. Watu wa Chuo Kikuu cha Oxford walichunguza kuta zilizofunikwa na aivi katika sehemu mbalimbali za Uingereza, wakatoa habari zao mwaka 2010. Waliona kwamba ukuta ulio mzima hupata faida, maana majani huuzuilia joto kali na baridi kali, tena hunasa vumbi na moshi wa barabarani. Lakini ukuta uliokwisha kupata nyufa, ambao chokaa yake imelegea, huo huumia. Mizizi huingia katika ufa, shina hunenepa ndani yake mwaka kwa mwaka, na ufa uliokuwa wa kupitisha ukucha huwa wa kupitisha mkono. Na habari ya miti ni karibu sawasawa: mti wenye nguvu hukaa na aivi miaka mingi, lakini mti mzee au mgonjwa, ambao majani yake yamepungua, hufunikwa mpaka kileleni, ukawa mzito juu, na dhoruba ya wakati wa baridi ikija hukuta tanga kubwa la majani mabichi mahali ambapo ingalipita kati ya matawi matupu. Mti huanguka, na aivi huanguka pamoja nao.

Hayo ni ya kwao Ulaya. Sasa tuvuke bahari. Wahamiaji waliotoka Ulaya kwenda Marekani waliichukua aivi pamoja nao, wakaipanda mbele ya nyumba zao mpya. Siwezi kuwalaumu kwa jambo hilo. Mtu aliyeacha kaburi la mama yake ng'ambo ya bahari, akitamani kuona jani moja alilolijua utotoni, si mtu mbaya. Lakini kule magharibi, katika Oregon na Washington, ambako majira ya baridi si makali na mvua ni nyingi, mmea huu ulikuta nchi isiyo na mpinzani wake. Ndege walikula matunda wakapeleka mbegu msituni. Katika mji wa Portland uko msitu mkubwa uitwao Forest Park, wenye eka zaidi ya 5,000, na humo aivi ilitandika ardhi kama mkeka mmoja usio na mshono. Chini ya mkeka huo mbegu za miti ya nchi ile hazipati nuru, na miche haioti. Miti mikubwa iliyosimama nayo hupandiwa mpaka juu. Msitu kama huo kwa macho ni wa kijani kibichi, naam, ni mzuri; lakini hauna watoto. Wazee wake wakianguka hakuna wa kuwafuata. Mwaka 1994 watu wa mji ule walianza kazi ya kuing'oa kwa mikono, vijana wakiwa pamoja nao, na tangu mwaka 2010 serikali ya Oregon imekataza kuiuza.

Ndipo akili hushangaa. Mmea ni ule ule, na majani yale yale: Dorset ni chakula cha nyuki, Oregon ni marufuku sokoni. Wengine hutaka kusema kwamba basi wema na ubaya ni neno la mahali tu, kila nchi ina wake, wala hakuna haki iliyo moja. Mimi sikubali. Kipimo ni kimoja pande zote mbili: kitu hiki chawafanyia nini wale wanaokaa pamoja nacho? Huko kwao majirani zake wamezoeana naye tangu enzi nyingi. Wako wanaomla, wako wanaomzuia, na baridi humpunguza. Huko ugenini hayuko wa kumwambia, Basi, yatosha. Kipimo hakikubadilika, ila kilichopimwa ndicho kilichobadilika. Uzito wa gunia ni ule ule, lakini punda aweza kulibeba na mbuzi hawezi.

Na hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo. Aivi haina hatia, si Ulaya wala Marekani. Hatia yataka nia, na mmea hauna nia. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo imeandikwa jinsi Wayahudi walivyolazimishwa, wakati wa mfalme Antioko, kutembea katika sikukuu ya mungu wa mvinyo wa Wayunani wakiwa wamevaa mataji ya aivi. Hiyo ilikuwa dhuluma kubwa. Lakini je, dhuluma ilikuwa ya majani, au ya mkono uliowavika? Kama mmea hauna hatia, basi kuung'oa si adhabu. Wala tusikuite adhabu hata kwa mzaha. Nimesoma mara nyingi jinsi watu wa bustani wanavyosema juu ya mmea huu kwa maneno ya vita: adui, mvamizi, muuaji. Nadhani maneno hayo huharibu kazi, na nitaonyesha kwa nini.

Mtu anayeng'oa kwa hasira hushika shina lililo juu ya ukuta, akavuta kwa nguvu zake zote. Vile vijizizi havikubali kuachia. Na vikiachia, huja na chokaa, pengine na jiwe. Ameutoa mmea, tena ameuangusha ukuta aliotaka kuuokoa. Na akivuta shina lililo kwenye mti mrefu, huja na gome, au tawi lililokauka humwangukia kichwani. Lakini mtu ajuaye kazi hana haraka. Juu ya mti hukata mashina yote kuuzunguka mti, mara moja penye kifua chake na mara ya pili karibu na ardhi, akaondoa kipande cha katikati, asilikwaruze gome. Kisha husafisha ardhi kuzunguka shina la mti, kama urefu wa mtu aliyelala, akitoa mizizi. Yaliyo juu huyaacha. Hayagusi. Yatakauka yenyewe, yatakuwa ya rangi ya kahawia, na baada ya miaka yataanguka kidogo kidogo. Juu ya ukuta ni vivyo hivyo: hukata chini, hungoja mpaka vijizizi vimekufa na kulegea, kisha huondoa kwa taratibu, na mabaki huyasugua kwa brashi. Huvaa glovu, maana utomvu wake huwasha ngozi ya watu wengine ikatoka malengelenge. Wala mashina aliyoyakata hayatupi ovyo juu ya udongo wenye maji, kwa sababu kipande kigusacho ardhi chaweza kutoa mizizi na kuanza upya. Huyalundika juu ya mbao au mawe mpaka yakauke kabisa.

Mwaona, ndugu? Yule mwenye hasira na huyu mwenye utulivu wote wawili wanataka aivi iondoke. Tofauti yao ni kwamba wa kwanza anautazama mmea, na wa pili anautazama ukuta. Kwa kuwa lengo lake ni ukuta uokoke, hawezi kufanya lililo baya kwa ukuta, hata kama lingemaliza kazi upesi. Haki ya kukata, basi, hatukuipata katika ubaya wa mmea. Tumeipata katika uhai wa kile kinachosongwa. Na mpaka wake ndio uo huo: pale ambapo hakuna kinachosongwa, haki ya kukata haipo, nao wakatao hapo wanakata kwa kupenda nadhifu tu, au kwa sababu jirani amekata.

Kwa ajili ya hayo mimi nawasifu wale wa Ulaya ambao huacha aivi iliyo juu ya ukuta mzima, wakiikata tu inapokaribia madirisha na mapaa. Na wale ambao wakiwa na kazi ya kukata huifanya nje ya miezi ya ndege kutaga na kulea, yaani nje ya Machi hata Agosti. Huo si ulegevu. Mtu aweza kuwa na haki ya kutenda jambo, asiwe na haki ya kulitenda saa yo yote apendayo.

Lakini yuko mtu ambaye hatujamtaja, naye ni yule aliyepanda. Wajukuu katika Portland wanapiga magoti matopeni kung'oa kile ambacho babu walikipanda kwa furaha. Sisi wa pande za Ziwa Viktoria twalijua jambo hili bila kufundishwa. Gugu maji, lenye maua ya zambarau, asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu walilichukua nchi kwa nchi kwa sababu ya uzuri wa maua yake, likawekwa vidimbwini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika ziwa letu, na katika miaka ya 1990 wavuvi walishindwa kutoa mitumbwi penye ghuba nyingi, hata wataalamu wakaleta wadudu wadogo wa kulila, waliotoka kwao lile gugu. Nani alitia maua yale katika kidimbwi cha kwanza? Hatumjui, wala tukimjua hatungempata. Wavuvi wa Mwanza na Kisumu hawakulipanda, nao ndio waliokosa samaki.

Je, ni haki mtu afanye kazi ya kuondoa asichokipanda? Wengine hujibu kwamba watoto hawawezi kudaiwa dhambi za baba zao. Nami nakubali kwamba hatia hairithiwi namna hiyo. Lakini kazi hurithiwa. Aliyerithi nyumba hurithi na paa linalovuja, wala hakuna amwambiaye kwamba yeye ndiye aliyelitoboa. Nikisema, Si mimi niliyepanda, nimesema kweli, na mti bado unafunikwa. Tena tuwe na adabu juu ya wale wa kwanza. Wengi walipanda kwa kutojua, na walichokitaka kilikuwa chema: kivuli, ukumbusho, ukuta usiotisha macho. Kazi ya wajukuu yaweza kufanywa bila kumtukana babu.

Wako watu ambao husikia huruma kwa mmea unaokatwa, wakaona haya kuisema huruma hiyo. Nataka kuwatetea, na kwa kuwatetea nitawaeleza habari moja ya kanisa la Afrika ya zamani, ambayo nilipenda sana nilipoisoma. Hieronimo alipotafsiri Kitabu cha Yona kwa Kilatini kutoka Kiebrania, alifika pale ambapo Mungu alimwoteshea nabii mmea wa kumtilia kivuli nje ya Ninawi. Tafsiri ya kwanza iliyozoeleka ilisema ni mtango. Yeye akaandika aivi. Mwaka 403 Agostino, askofu wa Hippo, alimwandikia barua kwamba katika mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli ya Libya, askofu mmoja aliisoma tafsiri mpya mbele ya watu, nao waliposikia neno geni mahali pa lile walilolijua tangu utotoni, pakawa na fujo kubwa, hata yule askofu nusura akose kundi lake. Hieronimo alijibu kwamba mmea wa Kiebrania una majani mapana, nao husimama kwa shina lake mwenyewe. Kilatini hakikuwa na jina lake, naye alifuata wafasiri wengine waliomtangulia. Siku hizi wengi hudhani kwamba ulikuwa mbarika. Biblia yetu ya Kiswahili imeandika mtango, na makatekista wanisomao wataona kwamba wasikilizaji wa Oea hawakuwa tofauti sana na wasikilizaji wetu, wanaojua zaburi zao kwa moyo na kumsahihisha msomaji kutoka benchi la nyuma.

Ila mimi natazama kitu kingine katika habari ile. Mmea ulipokauka Yona alikasirika hata kutaka kufa. Naye Mungu hakumwambia kwamba kuuhurumia mmea ni upuzi. Alichukua huruma ile ile, akamwuliza juu ya mji mzima wenye watu na wanyama. Huruma ya Yona haikuwa mbaya, ilikuwa fupi. Iliishia penye kivuli chake. Basi mtu akisikitika kwa ajili ya aivi, asione haya, ila aiendeshe huruma yake mbele kidogo, ifike kwa mti ulio chini ya aivi, na kwa miche isiyoota, na kwa nyuki wa Oktoba pia. Akifika huko ataweza kukata, wala hatakata vyote.

Neno moja sharti niliseme wazi, maana najua jinsi mifano inavyotumiwa. Wako watu ambao wakisikia habari za mimea migeni inayoharibu misitu hugeuza mara moja kuwa fumbo juu ya wanadamu: mgeni ni aivi, mgeni ni gugu, na ang'olewe. Wasomaji wangu wasinitie katika kundi hilo. Mwanadamu si mmea. Mmea hauwezi kuambiwa, Sogea kidogo; mwanadamu aweza, naye aweza kukuambia wewe neno lilo hilo, nawe ukasogea. Mmea hauna nadhiri, wala toba, wala lugha ya kujifunza. Mtu aliyekuja jana kutoka nchi nyingine akipewa mahali huenda akaupalilia mti uliomshinda mwenyeji. Na wenyeji nao, tuseme kweli, wako wanaosonga majirani zao bila kuvuka bahari yo yote. Kuwatenda watu kama magugu kumejaza makaburi katika nchi zilizo karibu nasi, na wengine wanaosoma gazeti hili walizika ndugu zao kwa sababu ya lugha ya namna hiyo. Mfano wa bustani una mwisho wake, na mwisho wake ni penye mlango wa nyumba ya mtu.

Limebaki swali la bustani isiyo ya mtu mmoja. Katika shamba langu nakata nikipenda. Lakini mahali penye haki za wengi, nani aamue? Nilipata kuliona jambo hili katika mji mdogo wa Ujerumani, nilipokuwa mgeni wa usharika mmoja kwa majuma machache. Nyuma ya kanisa yako makaburi, yamezungukwa na ukuta wa mawe. Bibi mmoja mzee alikuwa amepanda aivi juu ya kaburi la mumewe, kama ilivyo desturi yao, kwa sababu mmea usiopoteza ubichi ni ishara ya ndoa isiyovunjwa na kifo. Miaka ikapita. Aivi ikapanda ukuta uliokuwa na nyufa, kisha ikatambaa juu ya makaburi mawili ya jirani mpaka majina hayakusomeka. Moja la makaburi hayo lilikuwa la mtoto, na mama wa mtoto alikuwa hai, akiishi mtaa ule ule. Alikuja akiwa amepiga magoti akitafuta jina la mwanawe kwa vidole.

Wazee wa kanisa walikuwa na shida. Wengine walisema ikatwe yote mara moja, bibi aambiwe baadaye. Wengine walisema wangoje mpaka bibi afariki, maana siku zake si nyingi, kisha waikate bila kumwumiza mtu. Waliniuliza mimi mgeni naonaje. Niliwajibu kwamba njia zote mbili zina kosa moja, nalo ni kwamba bibi hayumo. Katika ya kwanza mnamnyang'anya, katika ya pili mnangojea kufa kwake kama kwamba yeye ndiye ukuta ulioharibika. Na mama yule mwenye mtoto amengojea vya kutosha. Aendewe bibi aulizwe, lakini asiulizwe kama jina la mtoto lisomeke au lisisomeke, maana hilo si lake kulitoa. Aulizwe jinsi ya kulifanya.

Mlinzi wa makaburi na mzee mmoja walimwendea, nami nikafuatana nao. Alitupa kahawa. Mlinzi alimweleza habari ya majina. Bibi alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema hakujua kwamba imefika kwa mtoto, kwa sababu macho yake hayaoni mbali, naye huja kwa upande wa lango tu. Aliuliza kama shina lake la kwanza, lile la kaburini kwa mumewe, lingeweza kubaki. Mlinzi alisema lingeweza, mradi likatwe pembezoni mara mbili kila mwaka. Bibi akasema hiyo kazi ataifanya mwenyewe kwa mkasi wake, na akishindwa atamwita mlinzi. Kisha akataka ajulishwe siku ya kukata, akaja, akaketi juu ya kiti kilicholetwa kutoka kanisani, na mama wa mtoto akaja pia. Mlinzi alikata mashina karibu na ardhi, akayatoa majani juu ya mawe ya makaburi kwa mkono, polepole, na jina la mtoto likaonekana, likiwa na madoa ya vijizizi juu ya herufi. Ukuta hakuugusa, kwa maana ilikuwa Oktoba na nyuki walikuwa bado juu ya maua, tena ilikuwa heri mashina yakauke kwanza. Ile sehemu ya juu aliiacha ikae mpaka Februari.